Wateja wa Mama Ukoko

Wifi yangu simsifu ovyo. Nimeolewa na mdogo wake miaka kumi na minane, na katika muda huo amenipokonya vitenge viwili, chungu kimoja na usingizi wa mchana wa Jumapili zisizo na idadi. Kwa hiyo nikikuambia kwamba siku ile nilimkumbatia mbele za watu, miguu yangu ikiwa imezama topeni hadi magotini, ujue halikuwa jambo dogo. Ngoja nisimulie kwa mpangilio, maana nikijiachia nitaanzia mwisho kwa furaha.

Yeye ni mpishi wa shule. Aliingia jiko lile akiwa na miaka ishirini na miwili, akapewa brashi ya waya na masufuria ya kusugua. Sasa ndiye mkuu wa jiko, ana wasaidizi wanne na funguo za stoo shingoni. Wanafunzi mia sita na ushee wanamwita Mama Ukoko. Jina hilo hakulipata kwa kuunguza chakula, ingawa mimi wageni huwaambia hivyo. Alilipata kwa sababu ukoko wa wali wa shule ile hauendi jalalani. Kila siku baada ya chakula cha mchana anaukwangua kwa mwiko wa chuma, anautia kwenye karai, anatoka kwa mlango wa nyuma na kushuka ngazi nne za saruji hadi ukingoni mwa bwawa. Hapo anaugonga mfuniko wa sufuria kubwa kwa mwiko mara tatu. Maji yanatulia kidogo, halafu vichwa vinaibuka, kimoja, vitatu, ishirini. Ni kobe wa maji, wa rangi ya tope, na shingo wamezinyoosha kama watu walio kwenye foleni.

Bwawa lenyewe ni shimo la zamani. Ndipo ulipochimbwa udongo wa matofali ya shule, mvua ikalijaza, na kobe wakaingia wenyewe kwa mfereji unaotoka mtoni. Wifi alifiwa na mumewe mwaka wa tano wa kazi. Amenisimulia mara moja tu kwamba aliporudi kazini alikuwa akishinda kwenye ngazi zile, kwa kuwa jikoni kila mtu alimsemesha kwa sauti ya pole, na kobe hawakumsemesha. Kuna mtu aliwahi kumwambia kuwa hao ndio watoto wake. Akamjibu kwamba hapana, watoto hawawezi kukaa kimya kiasi hicho.

Jambo jingine la kumjua: hapimi kitu. Kikombe cha kupimia kipo, kimetundikwa msumarini, kina vumbi. Chumvi ya watu mia sita anaitia kwa kiganja, akiangalia pembeni na kuongea na mtu mwingine, na haijawahi kuzidi. Anaita kukadiria. Ukimwambia anakisia, anakununia hadi jioni. Kukisia, anasema, ni kwa mtu asiyejua. Kukadiria ni kwa mtu anayejua asichoweza kukihesabu.

Sasa shule ikataka ukumbi wa kulia chakula. Wifi naye aliutaka, maana wanafunzi wake walikuwa wanakula wamesimama. Lakini ramani ikaja na ukumbi umekaa juu ya bwawa. Bwawa lingefukiwa kwa kifusi, wakati upande wa pili wa jiko kuna banda la magari mabovu ambalo halina mwenyewe. Mwalimu mkuu akasema uamuzi si wake, ni wa afisa mazingira wa mji. Kanuni ya mji ilikuwa fupi. Bwawa lenye kobe mia na hamsini au zaidi haliguswi. Chini ya hapo, kobe wanahamishwa na shimo linafukiwa.

Bwana Mazingira alikuja Jumatatu asubuhi, kijana nadhifu mwenye buti za mpira na kitabu cha jalada gumu. Alikaa ukingoni nusu saa, akahesabu vichwa, akapata thelathini na kimoja, akaandika. Wifi alisimama juu yake na aproni yake, mikono kiunoni. Akamwambia kwamba amehesabu waliotoka kuota jua, na kwamba yeye kwa miaka aliyokaa hapo anakadiria wapo zaidi ya mia na hamsini. Kijana hakuwa na kiburi, hilo nikiri. Alijibu kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma.

"Mama, hayo ni makadirio tu."

"Hilo 'tu' liondoe, mwanangu," wifi akamwambia. "Makadirio yenyewe nitakuletea."

Akapewa wiki mbili. Kijana alisema kama kuna njia ya kupata idadi, aoneshwe, ila iwe njia ambayo yeye mwenyewe anaweza kuirudia kwa mikono yake. Wifi alikuja nyumbani kwangu siku hiyohiyo akanieleza yote akiwa amesimama, na mimi nikamwambia akubali yaishe, kobe watapata maji mengine. Aliniangalia kama mtu anayeangalia mchele wenye mawe, akaondoka. Niliona vibaya, lakini sikumfuata.

Aliyemsaidia ni mwalimu wa biolojia, binti mwembamba anayeongea haraka, ambaye tangu afike shuleni alikuwa akila ukoko kwa siri na kobe. Alikuja jikoni akaomba maharage. Mimi nilikuwepo, nimeleta aproni nilizoshona, maana kazi yangu ni cherehani. Akamwaga maharage meupe kwenye beseni bila kuyahesabu. Akatoa arobaini, badala yake akatia arobaini mekundu, akamwambia wifi akoroge. Kisha akachota kwa kikombe, tukahesabu yaliyomo: sitini, na mekundu yakiwa manane.

Alieleza hivi. Kama mekundu manane ni sehemu fulani ya hayo sitini, basi mekundu yote arobaini ni sehemu hiyohiyo ya beseni zima. Zidisha arobaini kwa sitini, gawa kwa nane, unapata mia tatu. Mimi sikuamini. Nikakaa kwenye gunia nikayahesabu moja moja, nimenuna, na wasaidizi wa jiko wananicheka. Yalikuwa mia tatu na kumi na mawili. Nikayahesabu tena. Mia tatu na kumi na mawili.

Hapo nami nilishikwa. Sitaki kusema uongo, mwili ulinisisimka kwa maharage. Kwamba unaweza kuchota kikombe kimoja na kujua beseni zima, na kukosea kwa kiasi cha konzi moja tu! Wifi wala hakushangaa. Alisema ndicho anachofanya kila siku anapoonja mchuzi.

Kobe nao wangetiwa alama, wangeachiwa, kisha wangekamatwa tena tuone wenye alama ni wangapi. Mwalimu alisema kundi lolote la viumbe lina milango minne: kuzaliwa, kufa, kuhamia na kuhama. Hesabu hii inafaa ikiwa milango hiyo imefungwa kwa muda, na ikiwa alama haifutiki. Msimu wa mayai ulikuwa umepita. Mfereji wa mtoni wifi aliuziba kwa matofali siku hiyohiyo. Alama ilipatikana kwenye pochi yangu, rangi nyekundu ya kucha, mpya, sijaipaka hata kidole kimoja. Hakuniomba. Nilijua tu nilipoona kobe wamependeza kuliko mimi.

Jumatano tukakamata kobe arobaini kwa urahisi wa ajabu. Wifi aligonga mfuniko, akamwaga ukoko, wakaja, tukawadaka kwa mikono na makarai. Aliwakausha gamba kwa kitambaa, akawapaka nukta nyekundu, akaipuliza ikauke, akawarudisha majini palepale kwenye ngazi. Ijumaa tukarudia. Mfuniko, ukoko, makarai, kobe thelathini na sita. Nukta nyekundu zikaanza kuonekana. Moja, nyingine, nyingine tena. Nilikuwa nafurahi kila nikiona nukta, mpaka nilipomtazama mwalimu usoni. Kati ya thelathini na sita, thelathini walikuwa na alama.

Akaandika ubaoni, akagawa, akageuka. Kobe arobaini na wanane.

Wifi alisogea karibu na ubao kana kwamba namba ingebadilika akiitazama kwa karibu, kisha akachukua karai lake akaenda kuosha vyombo. Siku hiyo niliacha utani. Nilimsaidia kuosha, na nilimwona anasugua sufuria moja lililokwisha kuwa safi.

Jumatatu iliyofuata, zikiwa zimebaki siku saba, nilikuwa tena jikoni nikipima mapazia ya dirisha. Msaidizi mmoja alichota mchuzi juujuu, akaonja, akasema chumvi haijafika. Wifi akamuuliza kwa ukali kama amekoroga kwanza. Msaidizi akasema hapana. Wifi akafungua mdomo amgombeze, na hapohapo akaganda, mwiko hewani, mchuzi unadondokea sakafuni.

Halafu akakimbia. Mwanamke mwenye goti bovu, aproni kifuani, mwiko mkononi, alikatiza uwanja mzima, na mimi nyuma yake na futi yangu ya kupimia ikining'inia shingoni. Aliingia darasani katikati ya somo. Wanafunzi wakasimama wote kwa heshima au kwa hofu ya mwiko, sijui.

"Mwalimu," alisema akihema, "hatukukoroga. Tumehesabu wateja wangu."

Mwalimu alimtazama, kisha akajipiga paji la uso kwa chaki. Ilikuwa wazi kama mchana. Kobe wanaokuja kwa mlio wa mfuniko ni walewale kila siku, wenyeji wa ngazi, wanaojua saa ya ukoko. Tuliwaita Jumatano, tukawatia alama, tukawaachia mlangoni kwao, na Ijumaa tukawaita tena kwa mlio uleule. Bila shaka walirudi na nukta zao. Walioko ng'ambo kwenye matete, wasiojua ukoko ni nini, hatukuwagusa. Mwalimu alisema kosa hilo lipo katika vitabu vyake, kwamba kila mnyama anatakiwa awe na nafasi sawa ya kukamatwa, na amelifundisha miaka mitatu. Ila hakulitambua lilipomjia limevaa aproni.

Tukaanza upya, na sasa nikatiwa kazini. Mapazia yale niliyoyapima yakawa wavu. Yalikuwa ya kitambaa chenye matundu, nikayaunga mawili mawili kwa uzi wa nailoni, nikashona kamba juu na vizito chini, wavu mrefu wa kutosha watu sita kuukokota. Bwawa tukaligawa sehemu sita kwa vijiti. Kila sehemu ikokotwe mara moja, na kila kobe arudishwe alikotoka. Rangi ikawa nyeupe, nayo yangu pia, pembeni mwa gamba kushoto, ili nukta nyekundu za zamani zisituchanganye. Na jambo la mwisho, ambalo wifi alilitaka mwenyewe, nikae na mfuniko nyumbani kwangu. Alinikabidhi kwa mikono miwili. Alisema asiachiwe, maana mkono wake umezoea, utagonga bila yeye kujua. Siku zile kobe hawakulishwa, na kila saa nane mchana alikuwa akisimama kwenye ngazi, mikono amekunja, anawatazama wateja wake wakimsubiri. Ilimuuma sana.

Alhamisi tulikamata hamsini na wanne, tukawatia nukta nyeupe, wote. Siku tatu tukawaacha wachanganyike. Jumatatu, siku ya mwisho, akaja Bwana Mazingira, buti zake na kitabu chake. Mwalimu alimweleza kila kitu, pamoja na kosa letu la kwanza, kwa sababu wifi alisisitiza aelezwe. Kijana akakunja suruali na kusema atashika kamba ya mbele mwenyewe.

Hapa lazima nieleze kitu, kwa sababu mimi mwenyewe kilinichukua muda. Safari hii hatukutaka nukta. Kadiri wenye alama wanavyokuwa wachache kati ya waliokamatwa, ndivyo wasio na alama walivyo wengi bwawani. Kila kobe msafi ilikuwa furaha, kila nukta nyeupe ilikuwa kisu. Wasaidizi wa jiko walijipanga ngazini, na mwalimu aliketi na ubao mdogo mapajani, anagawa upya kila wavu ulipotoka.

Sehemu ya kwanza ilitupa kobe kumi, nukta tatu. Wasaidizi wakapiga vigelegele. Ya pili ikaleta kumi na mmoja, nukta nne. Ya tatu wavu ukanasa kwenye gogo, nikaingia majini na nguo zangu kuunasua, tope likanimeza hadi magotini, na hata sikusikia baridi. Nukta mbili kati ya saba! Nilikuwa naziita kwa sauti kama mtu anayenadi mitumba. Kisha ya nne ikatunyamazisha, nukta tano kati ya tisa. Mwalimu alikuwa anatafuna kalamu.

Sehemu ya tano ilitoa kobe tisa. Bwana Mazingira aliwashika mmoja mmoja, akawageuza, akasoma. Baada ya nane, jumla ilikuwa arobaini na watano, nukta kumi na sita. Mwalimu akazidisha, akagawa, akanyanyua ubao juu. Mia na hamsini na moja na ushee.

Kwenye ngazi watu wakaanza kurukaruka. Bwana Mazingira akamchukua wa tisa, kobe mkubwa mwenye gamba lililokwaruzika, akamtazama upande wa kushoto, akamwambia mwalimu aandike msafi. Wifi alikuwa karibu yake, ameshika beseni. Nilimwona akiinama. Nilimwona akiona kitu. Mimi nilikuwa pembeni yake kabisa, nami nikakiona. Kwenye ukingo wa gamba, ndani ya mkwaruzo, palikuwa na chembe nyeupe ndogo kama punje ya chumvi. Rangi yangu. Ilikuwa imebanduka karibu yote.

Nilimkanyaga mguu chini ya maji. Nasema kweli, nilimkanyaga, anyamaze. Kobe mmoja, chembe moja, nani angejua?

"Huyo ana alama," wifi akasema. "Imebanduka. Tazama hapo kwenye mkwaruzo."

Kijana akaangalia, akasugua kwa kidole, akakubali. Mwalimu akafuta, akaandika nukta kumi na saba kwa kobe arobaini na sita. Alichukua muda mrefu kugawa hesabu ambayo angeweza kuigawa usingizini. Mia moja na arobaini na sita.

Nilikasirika kiasi kwamba sikuweza kumtazama. Nikamuuliza kwa kunong'ona kwa nini. Akasema, bila kunigeukia, kwamba yeye akionja mchuzi na haukufaa hasemi umefaa, kwa sababu kuna watu mia sita wataula.

Ikabaki sehemu ya sita, kwenye matete ng'ambo, mahali ambapo sauti ya mfuniko haijawahi kufika. Tulizunguka na wavu kimya kimya. Watu sita tukashika kamba, tukavuta, wavu ukaja mwepesi, mwepesi mno, nikadhani umetoka mtupu. Wifi alikuwa amefumba macho.

Ulikuwa na kobe watano. Bwana Mazingira alimchukua wa kwanza, akamkausha gamba kwa shati lake mwenyewe, akatazama kushoto, akatazama kulia, akamtazama hadi tumboni. "Msafi," alisema. Wa pili msafi. Wa tatu alijikojolea, naye msafi. Wa nne alikuwa mdogo kama kisosi. Wa tano alipogeuzwa na upande wake wa kushoto kuonekana mweusi tii, bila hata chembe, kijana mwenyewe alisahau kazi yake akapiga makofi na kobe nusura amponyoke.

Hamsini na mmoja, nukta kumi na saba. Katika kila watatu, mmoja. Hata mimi niliweza hesabu hiyo bila ubao: hamsini na wanne mara tatu. Mia moja na sitini na wawili!

Hapo ndipo nilipomkumbatia. Tulianguka wote wawili kwenye matete, yeye anacheka na kulia kwa pamoja, mimi namwomba radhi ya mguu, naye anasema goti ndilo linalouma, mguu sijui wa nani nilioukanyaga. Kumbe nilikuwa nimemkanyaga Bwana Mazingira.

Tulipokwisha kutoka majini, kijana alikaa kwenye ngazi ya juu akafungua kitabu chake, akaandika taratibu, akaweka sahihi, akampa wifi asome. Maandishi yalikuwa mstari mmoja: Makadirio, kobe 162, bwawa lisiguswe. Wifi aliusoma mara mbili, kidole chini ya kila neno, mpaka mwisho wa mstari. Nilijua anachotafuta. Lile 'tu' halikuwepo.

Wakati huo nilikuwa nimeshamtuma mume wangu nyumbani. Alirudi na mfuniko kwapani. Msaidizi akaleta karai la ukoko wa siku hiyo, wifi akashuka ngazi nne, akagonga mara tatu. Maji yakatulia, halafu vichwa vikaja mbiombio, wenye njaa ya siku nyingi, wengine na nukta nyekundu, wengine na nyeupe, wengine na zote mbili. Bwana Mazingira hakuweza kujizuia, midomo yake ikawa inahesabu.

"Thelathini na wanne," alisema. "Na wengine wote wale, mama?"

Wifi alimwaga ukoko, akatazama ng'ambo ya bwawa, kule kwenye matete ambako maji hayakutikisika hata kidogo.

"Wengine wapo tu," alisema.